Taa ya Mnara Haionekani Inavyopaswa: Pa Kuanzia Kutafuta Sababu

Baharia anayeingia Mombasa usiku kutoka Tanga, Pemba au Lamu anataka taa ya mnara imjulishe alipo mapema, akiwa bado ana maji ya kugeuzia chombo. Mlango wa Kilindini umebanwa na miamba miwili, Leven upande wa Nyali na Andromache upande wa Likoni, na mawimbi yanayovunjika juu yake huyaoni gizani mpaka umeshakaribia mno. Kwa hiyo taa isipoonekana, au ikionekana kwa namna nyingine, moyo hushtuka na mtu husema papo hapo: wameizima.

Mara nyingi haijazimwa. Kilichobadilika ni mahali ulipo, kimo cha jicho lako, hewa iliyo kati yako na mnara, au namna ulivyoisoma ramani. Kuna siku ambapo hitilafu ni ya mnara kweli, na tutafika huko. Lakini anza na chombo chako, kwa sababu hapo ndipo unapoweza kurekebisha jambo usiku huo huo.

Kwanza soma maandishi yaliyo kando ya taa

Tuseme ramani ya bahari imeandika Fl(2) 10s 25m 16M. Huu ni mfano wa kujifunzia tu. Fl maana yake taa inamweka: giza lake ni refu kuliko mwanga wake. (2) ni mimweko miwili inayofuatana. 10s ni mzunguko mzima, sekunde 10, kuanzia mmweko wa kwanza wa kundi hadi mmweko wa kwanza wa kundi linalofuata. Herufi m ndogo ni mita, yaani kimo cha taa juu ya maji makuu ya bamvua, yanapojaa zaidi. M kubwa ni maili za baharini, kila moja mita 1,852. Ukikuta Oc mambo yamegeuka, mwanga ni mrefu kuliko giza. Iso ni mwanga na giza sawasawa. Q ni mimweko ya haraka, karibu mmoja kila sekunde. R ni nyekundu, G ni kijani, na pasipo herufi ya rangi taa ni nyeupe.

Herufi hizo m na M peke yake zimewapoteza watu wengi. Anayesoma 25m akadhani ni maili 25 ataitafuta taa mahali ambapo hakuna jicho la binadamu linaloweza kuiona.

Dalili: muda umefika, taa haipo

Sababu ya kwanza ni mviringo wa dunia. Zile maili 16 ni nguvu ya mwanga wenyewe katika hewa ambayo mtu anaona hadi maili 10. Hazisemi chochote kuhusu kimo cha jicho lako. Hesabu ya kujua utaiona taa kutoka umbali gani ni rahisi: chukua kipeuo cha pili cha kimo cha taa kwa mita, ongeza kipeuo cha pili cha kimo cha jicho lako, kisha zidisha kwa 2.03. Jibu ni maili za baharini.

Kwa taa yetu ya mita 25, kipeuo ni 5. Mvuvi aliyeketi kwenye mashua ya chini, jicho likiwa mita 1 juu ya maji, anapata 6 mara 2.03, yaani maili 12.2. Akisimama juu ya ubao, jicho likafika mita 2, anapata maili 13. Aliye kwenye jahazi, jicho likiwa mita 4, anaiona kuanzia maili 14.2. Nahodha wa meli ya makontena aliye mita 25 juu angepata maili 20.3, ila mwanga wenyewe unaishia 16. Taa ni moja, usiku ni mmoja, na wote wanasema kweli. Ndiyo maana habari ya mwenye meli kubwa, kwamba "taa inaonekana vizuri", haimsaidii mwenye mashua.

Kupwa na kujaa nako kumo. Mombasa maji ya bamvua hupanda na kushuka zaidi ya mita 3, na kimo cha ramani kimepimwa kutoka maji makuu. Maji yakipwa, mnara umekuwa mrefu zaidi kwako. Taa ya mita 20 inakuwa kama ya mita 23, na unaiona zaidi ya nusu maili mapema.

Sababu ya pili ni kwamba hujafika ulipodhani umefika. Hapa kwetu hii ndiyo ya kushukiwa sana. Mkondo wa pwani yetu huelekea kaskazini karibu mwaka mzima, na upepo wa kusi huuongezea nguvu. Anayetoka Mombasa kwenda Ras Kigomasha, ncha ya kaskazini ya Pemba, ana takriban maili 50 mbele yake na anaukabili mkondo huo. Mashine ikimpa maili 6 kwa saa, baada ya saa 6 anahesabu 36 na anaanza kuitafuta taa. Lakini mkondo wa maili 2 kwa saa umemrudisha 12. Yuko maili 24 tu kutoka alikotoka, na mnara bado uko nyuma ya upeo wa macho. Akiamini hesabu yake atasema Pemba hakuna taa, kisha atageuza njia kuitafuta, na hapo ndipo hatari inapoanza. Anayetoka Tanga kuja Mombasa yanamfika kinyume chake: taa inamtokea mapema kuliko alivyotarajia, au inamtokea ubavuni, hata anaidhania kuwa nyingine.

Sababu ya tatu ni hewa. Ukungu mzito si jambo la kila siku kwetu, lakini mvua ya masika na vumbi la chumvi wakati wa kusi vinatosha. Mvua ikikupunguzia kuona hadi maili 5, ile taa ya maili 16 inaonekana kwa karibu 10 tu. Ikishuka hadi maili 2, taa inabaki na karibu maili 5. Wingu moja la mvua likiwa juu ya mnara nawe ukiwa chini ya nyota, utaapa kwamba imezimwa. Subiri. Wingu likipita na taa ikirudi, umepata jibu bila kumuuliza mtu.

Dalili: mbingu inang'aa kwa vipindi, taa yenyewe huioni

Hii ni habari njema. Mwanga unaipiga hewa iliyo juu ya upeo wa macho huku taa ikiwa bado chini yake. Hesabu vipindi vya mng'ao huo kama unavyohesabu mimweko. Mwendo wa taa, yaani mpangilio wa mimweko na giza lake, ni ule ule.

Kisha fanya jambo ambalo manahodha wetu huwafundisha vijana. Taa inapoanza kuchomoza kama nukta kali, mwambie kijana ainame. "Unaiona?" "Siioni, nahodha." "Haya, simama." "Naiona!" Ikiwa inazama ukiinama na kuchomoza ukisimama, uko hasa kwenye ule umbali tuliouhesabu: maili 13 kwa jicho la mita 2 na taa ya mita 25. Piga mwelekeo wake kwa dira, weka umbali kwenye ramani, na una mahali bila chombo chochote cha umeme. Si kipimo cha kuingilia mlangoni, kwa sababu joto la hewa juu ya maji huweza kuupinda mwanga ukaiona taa kutoka mbali zaidi. Kwa baharini wazi kinatosha.

Dalili: taa ipo, mwendo wake haufanani na ramani

Hapa nataka tukae kidogo, maana vyombo hupanda mwamba kwa kosa hili kuliko kwa taa iliyozimika. Mtu anatarajia taa fulani, anaona taa upande ule ule, anaamini ndiyo. Hahesabu. Taa hutambulika kwa mwendo wake, na kuiona mahali ulipoitarajia si kuitambua. Mwendo huo ndio uliotafutwa tangu zamani: Augustin Fresnel alipoweka lenzi yake kwenye mnara wa Cordouan, Ufaransa, mwaka 1823, ilikuwa inazunguka, ili mwanga umfikie baharia kwa vipindi na asiuchanganye na moto mwingine wa pwani.

Tumia saa yenye mshale wa sekunde, au simu. Usihesabu kwa mdomo: mtu mwenye wasiwasi huhesabu mbio, na sekunde 10 zinageuka 13 au 14 bila yeye kujua. Subiri giza refu, anza kupima mmweko wa kwanza unapotokea tu, acha ipite mizunguko mitano kamili, kisha gawanya kwa tano. Halafu mpe saa mwenzako apime bila kumwambia ulichopata wewe.

Ikiwa bado haifanani, zipitie hizi. Umeanza kupima mmweko ulipoisha, si ulipoanza. Wimbi la kusi linakuficha mmweko mmoja kati ya miwili, na taa ya (2) inaonekana kama ya mmoja. Panda juu kidogo uhesabu upya. Uko karibu sana na lenzi inayozunguka, ambapo katika hewa safi huonekana mwanga hafifu hata katikati ya mimweko, na unadhani taa haizimiki. Taa imebadilishwa kutoka globu ya zamani kwenda LED: mmweko wa LED huwaka na kukatika ghafla, kwa hiyo jicho huuona mfupi na mkali hata kama mzunguko ni ule ule. Au ramani yako ni ya zamani, na tabia ya taa ilibadilishwa na kutangazwa tangu hapo.

Ukimaliza yote haya na hesabu imekataa mara tatu, chukulia kwamba hiyo si taa yako. Punguza mwendo, elekea maji marefu, utafute mahali ulipo kwa njia nyingine kwanza.

Dalili: rangi si yake

Mwanga mweupe ukipita kwenye vumbi, moshi au chumvi huelekea manjano na hata wekundu. Kijani ya mbali huonekana nyeupe. Taa yenye rangi mbili huonekana nyeupe kwanza, kwa sababu nyekundu na kijani hazifiki mbali kama nyeupe ya nguvu hiyo hiyo.

Lakini nyekundu usiichezee. Minara mingi imegawanywa kwa pembe: nyeupe palipo salama, nyekundu palipo mwamba. Nyeupe ikigeuka nyekundu ghafla na mwendo ukabaki ule ule, sadiki kwanza kwamba umeingia kwenye pembe ya hatari. Rudi ulikotoka. Ikirudi nyeupe, umejua. Ikibaki nyekundu hata ukiwa maji marefu, hapo unaweza kufikiria hewa. Mpaka wa rangi mbili si mstari mwembamba. Una eneo ambalo rangi inasitasita, na katika eneo hilo usitegemee chochote. Kumbuka pia kwamba nyuzi za pembe hizo kwenye ramani zimeandikwa kwa anayetazama kutoka baharini kuelekea mnara. Anayezisoma kutoka mnarani kwenda baharini anajiweka upande wa pili kabisa.

Dalili ya Mombasa hasa: taa zimekuwa nyingi mno

Ras Kigomasha nyuma ya mnara ni giza. Ukiona taa huko, shaka yako ni ya umbali tu. Mombasa shaka ni nyingine: mnara wa Ras Serani una mji mzima mgongoni. Kuna taa za ufuo wa Mama Ngina, hoteli za Nyali, kivuko cha Likoni kinachokata mlango, mitambo ya bandari inayowaka usiku kucha, taa nyekundu za minara ya simu, na meli zinazosubiri gati nje zikiwa zimewasha sitaha nzima. Mwanga wote huo unaila taa ya mnara. Taa ambayo ingeonekana mbali penye giza inaweza kukupotea ukiwa karibu.

Dawa yake ni kutoisaka kwa kuzungusha macho. Tafuta kwenye dira taa inapaswa kuwa nyuzi ngapi kutoka ulipo, elekeza jicho hapo, utulie muda wa mizunguko mitatu. Taa za mji hazina mwendo, au zina mwendo usiokubali kupimwa. Zima tochi, zima taa ya simu, usitazame kioo cha GPS. Jicho linahitaji karibu nusu saa kuzoea giza, na mwanga wa simu unakurudisha mwanzo.

Dalili: taa mbili za mlangoni hazikai kwenye mstari

Taa za mstari ni mbili: ya mbele iko chini, ya nyuma iko juu. Zikisimama wima moja juu ya nyingine, uko katikati ya njia. Ukiingia na taa ya chini ikaonekana kushoto kwa ile ya juu, umeenda kulia mno, geuza kushoto. Ifuate taa ya chini, basi. Zikikataa kukaa hata ukigeuza, mkondo unakusukuma kwa ubavu. Elekeza omo, yaani mbele ya chombo, kidogo upande mkondo unakotoka, mpaka zisimame zenyewe.

Ukiiona moja tu, usiingie. Taa moja haikupi mstari. Maboya yatakusaidia, na Kenya imo katika mfumo ambao anayeingia bandarini huacha jekundu kushoto na kijani kulia, lakini boya huweza kukatika mnyororo likahama. Mnara hauhami.

Taa na GPS zikibishana

Ukiwa na mwelekeo mzuri wa dira wa taa uliyoitambua kwa kuhesabu, na GPS inakuweka pengine, angalia kwanza kama ramani iliyo ndani ya chombo imechorwa kwa vipimo vile vile ambavyo GPS inatumia. Ramani za zamani zinaweza kuhitilafiana navyo kwa mita mamia, na mamia hayo kwenye mlango wenye miamba pande zote mbili ni kila kitu. Karibu na mwamba mimi ninasimama na mnara.

Kwa fundi: hitilafu ikiwa ni ya mnara

Swali la kwanza kwa aliyeripoti: taa haikuwaka kabisa, au iliwaka ikafa? Na ilikufa saa ngapi? Jibu hilo ni nusu ya kazi.

Isipowaka kabisa giza likiingia, anza na kihisi cha mwanga, kile kijicho kinachowasha taa jioni. Kazi hii iligunduliwa zamani: Gustaf Dalén wa Sweden alitengeneza vali iliyofungua gesi jua likizama, na akapewa tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 1912. Kijicho cha leo kikifunikwa kwa kiganja mchana, taa inapaswa kuwaka baada ya muda mfupi. Isipowaka, fuata nyaya, fyuzi, kisha taa yenyewe. Kama ni ya globu, tazama kama kibadilisha globu kimekwama kwenye iliyoungua. Ikiwaka mchana kutwa, kijicho kimezibwa na kinyesi cha ndege, uchafu au kiota cha nyigu. Hilo si dogo, kwa sababu betri inamalizwa mchana na usiku hapana kitu.

Ikiwaka jioni ikafa kabla ya alfajiri, ni umeme uliokosekana. Mombasa iko nyuzi 4 kusini ya ikweta na usiku wetu ni karibu saa 12 mwaka mzima, kwa hiyo usiseme usiku umerefuka. Ikifa Mei, katikati ya mvua na mawingu, shuku chaji: paneli chafu, chumvi iliyoganda, mti uliokua ukatia kivuli. Ikifa Februari kwenye jua kali, shuku betri. Iache ipumzike kisha ipime: betri ya risasi ya volti 12 iliyojaa huonyesha karibu 12.7, iliyofika nusu karibu 12.2, na ikiwa chini ya 11.9 imeisha. Ikijaa mchana na kuporomoka saa mbili baada ya kuwaka, imechoka na haifufuki. Kabla ya kuagiza nyingine, safisha na ukaze vichwa vyake. Kutu ya chumvi pale huzuia umeme hata betri ikiwa nzima.

Ikiwaka usiku kucha lakini watu wakalalamika imefifia, panda na maji baridi (yasiyo ya chumvi) na kitambaa laini. Wakati wa kusi kioo cha nje hushika chumvi kama utando wa maziwa, na ukikiosha kwa maji ya kutosha kabla ya kusugua, kioo hakikwaruziki. Kama kioo ni safi, tazama kama globu imekaa kitovuni mwa lenzi. Ikisogea milimita chache, mwanga unatupwa angani au chini ya mnara, na baharia hapati kitu.

Kuripoti

IALA, shirika la kimataifa la alama za bahari lililoanzishwa 1957 kama chama, linataka taa za daraja la kwanza ziwe kazini asilimia 99.8 ya muda. Hiyo ni kuzimika kwa saa 17 na kidogo tu kwa mwaka. Haiwezekani kulifikia lengo hilo kama mashua kumi zinapita na kila moja inadhani nyingine imeshasema.

Redio ya VHF ipo: ita kwa chaneli 16, kisha utaelekezwa chaneli ya kuzungumzia. Bandari ya Mombasa na kituo cha uratibu wa uokoaji baharini kilichoko hapa hapa mjini wanaweza kuipeleka taarifa mbele, na onyo likitolewa huwafikia wapitao mbali pia, kwani eneo letu la maonyo ya bahari, la VIII, linaratibiwa kutoka India. Kama huna redio, sema ukifika gatini, asubuhi hiyo hiyo.

Taja jina la taa, ulikuwa wapi, uliona nini, hewa ilikuwaje, na saa. Saa itaje kwa mtindo wa saa 24, maana saa nane ya usiku kwetu ni 0200 kwa meli ya kigeni inayosikiliza. Kwa mfano: "Taa ya fulani, nikiwa maili 6 mashariki yake, ilikuwa ikimweka vizuri hadi 0210, kisha ikazimika na haikurudi hadi 0530. Hewa safi, taa za mji nilikuwa nikiziona." Fundi akisoma hayo anabeba betri kabla hajaondoka. Na ukipita tena wiki inayofuata ukaikuta inawaka, ita tena useme hivyo, ili onyo lifutwe.